Safaktanti inaganda kwenye maji magumu ya kisima cha mafuta, nimekosea wapi?

Mtoto_wa_Dodoma

Wakuu habari zenu, hasa mliosoma kemia na mnaofanya kazi kwenye mafuta popote pale. Mimi nipo Oman mwaka wa pili sasa, maabara ya kampuni moja ya huduma za visima, na kuna kazi nimepewa imenikaba koo kwelikweli. Tunatafuta safaktanti (kemikali ya jamii ya sabuni) ya kusukumia mafuta yaliyobaki kwenye mwamba baada ya maji kupita, yaani yale matone yaliyonasa kwenye vitundu vya jiwe ambayo maji matupu hata uyasukume mwaka mzima hayayang'oi.

Shida yangu ni maji. Tunatakiwa kutumia maji yale yale yanayotoka na mafuta kisimani, hakuna mengine jangwani. Vipimo vyake (nimezizungusha namba kidogo kwa sababu za kazi): chumvi zote kwa jumla mg 58,000 kwa lita, kalsiamu 2,400, magnesiamu 600. Joto la mwamba nyuzi 68. Jiwe ni la mchanga lenye udongo wa mfinyanzi kiasi.

Nilianza na salfoneti ya alkili benzini, ndugu wa ile iliyomo kwenye sabuni za unga, kwa sababu ni bei nafuu na inapatikana. Nikaweka asilimia 0.5. Haikupita dakika mbili maji yakawa meupe kama tui, kesho yake asubuhi nakuta unga mzito umekaa chini ya chupa na juu maji maangavu kabisa, maana yake safaktanti yote imezama. Nikapunguza dozi, ikawa vilevile. Nikapasha moto, ikafunguka kidogo ikarudi.

Mimi nimekulia Dodoma, nimefua sana kwa maji ya kisima, ule utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni na sabuni inaisha bila kutoa povu naujua tangu mtoto, kwahiyo nimeelewa kwamba kalsiamu ndo inakamata safaktanti. Ila kuelewa na kutatua ni vitu viwili. Niongeze EDTA (kemikali ya kukamata ayoni za metali) ikamate kalsiamu kwanza? Niongeze alkoholi? Niyalainishe maji? Au nibadilishe safaktanti yenyewe? Naomba mwenye uzoefu anisaidie, nina wiki mbili tu.

Kifaru_wa_Magadi

Pole mkuu. Mimi sio mtu wa mafuta, nipo kiwanda cha sabuni, lakini kwetu dawa ya maji magumu ni magadi soda na inafanya kazi. Hata nyumbani maharage yakigoma kuiva kwa maji ya kisima mama anatupia kipande cha magadi yanalainika. Kaboneti inamshika kalsiamu inakuwa chokaa inazama, sabuni inabaki huru. Alafu nimewahi kusoma kwamba huko kwenye mafuta wanaingiza soda makusudi pamoja na safaktanti na polima, Wachina wamefanya sana pale Daqing, kwenye visima vyao vya mafuta. Sasa kwanini usiweke soda kwanza ndo ufuatishe safaktanti? Utakuwa umeua ndege wawili.

Lokichar254

Boss wa magadi, uko sawa kwa kemia lakini hebu tupige hesabu kabla ndugu yetu hajaweka kitu kwa kisima. Mimi nimefanya upande wa kutibu maji kwa miaka saba so hii ndio lugha yangu.

Kalsiamu 2,400 mg ni kama milimoli 60 kwa lita. Magnesiamu 600 ni kama milimoli 25. Jumla 85, na ukiigeuza kwa ile hesabu ya kawaida ya ugumu, kana kwamba yote ni kaboneti ya kalsiamu, unapata karibu mg 8,500 kwa lita. Maji ya mg 180 tu tayari yanaitwa magumu sana. Maji ya bahari, yale ambayo ukijipaka sabuni hapo Mombasa haitoi povu, ni kama 6,300. Yaani hii maji yako ni ngumu kuliko bahari.

Sasa ukitaka kuzamisha kalsiamu yote kwa soda unahitaji zaidi ya kilo 6 za soda kwa kila mita ya ujazo, na unapata karibu kilo 6 za chokaa. Mradi mdogo wa mita 1,000 kwa siku inakuwa tani 6 za tope la chokaa kila siku, na hapo magnesiamu haijaguswa, hiyo inataka upandishe pH juu zaidi kwa chokaa iliyozimwa au kostiki (soda kali). Hiyo kazi inafanyika juu, kwa matangi, na mahali pa kumwaga tope. Ukiingiza soda na maji magumu pamoja chini, chokaa inaundwa ndani ya vitundu vya jiwe na umeziba kisima mwenyewe. Kule wanakoingiza soda wanakuwa na maji laini kwanza.

EDTA pia usiniambie. Molekuli moja inashika ayoni moja, hakuna ujanja hapo. Milimoli 85 mara uzito wa chumvi yake ya sodiamu, 380, ni gramu 32 kwa lita. Safaktanti yako ni gramu 5. Yaani unanunua dawa ya kulinda safaktanti mara sita ya safaktanti yenyewe! Kwa hizo mita 1,000 ni tani 32 kila siku. Na pH ikishuka EDTA inaachilia kalsiamu, na kama kuna kaboneti kwa mwamba inaanza kula jiwe badala ya kazi uliyoituma. EDTA ni nzuri ukiwa na ugumu mdogo uliobaki baada ya kulainisha, ile ya mwisho mwisho.

Rezini za kubadilisha ayoni nazo, zile punje zinazoshika kalsiamu na kutoa sodiamu: ile ya kawaida yenye asidi kali inachoka chumvi ikipita mg elfu tano hivi kwa lita, kwa sababu sodiamu imejaa inagombea nafasi na kalsiamu, na kuiosha unatumia chumvi bila mwisho. Kuna rezini ya asidi dhaifu inavumilia chumvi nyingi zaidi lakini unaiosha kwa asidi halafu kostiki, gharama na maji machafu. Kuna pia utando wa nano, ule ambao unazuia ayoni za chaji mbili na kupitisha chumvi ya kawaida, wanautumia sana baharini kuondoa salfeti. Unawezekana, lakini na mafuta yaliyobaki kwa maji yako utando unaziba haraka usipochuja vizuri.

Kwa hiyo mimi kama mtu wa maji nakwambia hivi, maji yako hayataki kulainishwa, tafuta safaktanti inayoyapenda vile yalivyo. Hapo nawaachia wenyewe.

Bi_Mkubwa_wa_Ruwi

Assalaam alaykum. Mwanangu wa Dodoma, nimeisoma yote. Mimi nipo hapa hapa Maskati, mzaliwa wa Unguja, nimefanya kazi ya maabara ya mafuta zaidi ya miaka ishirini, na hili ulilokumbana nalo nimeliona kwa vijana wengi. Mwenzetu wa Kenya amesema kweli tupu. Nitakueleza upande uliobaki.

Salfoneti uliyochagua ndiyo adui wa kwanza. Kila safaktanti ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Hii ina mkia mnyoofu na kichwa kikavu, na kichwa kile kalsiamu anakipenda sana. Kalsiamu ana mikono miwili, anashika vichwa viwili, halafu mikia kwa kuwa imenyooka inapangana kama kuni kwenye mzigo, ndiyo ule unga uliouona. Basi ukitaka kumshinda kalsiamu usimtafutie wa kumkamata, vuruga mpango wa kuni. Chukua mkia wenye matawi, haupangiki. Halafu baina ya mkia na kichwa tia mnyororo wa propoksi na ethoksi, vipande vidogo vya kaboni na oksijeni vinavyojirudia. Ethoksi inapenda maji, inayavutia maji kuzunguka kichwa, kalsiamu hapati pa kuganda vizuri. Propoksi imekaa katikati, haiko kwa maji moja kwa moja wala kwa mafuta, na ndiyo inayokupa nafasi ya kurekebisha. Ukiongeza ethoksi inavumilia ugumu na chumvi zaidi, ukiongeza propoksi inasogea kidogo upande wa mafuta bila ya kupoteza uvumilivu. Watu hununua familia nzima ya namba tofauti wakazijaribu, hakuna njia ya mkato.

Ushahidi upo. Exxon walifanya jaribio pale Loudon, Illinois, mwanzoni mwa miaka ya 1980, maji ya mwambani yana chumvi zaidi ya 100,000, na hawakutanguliza maji laini. Walitumia salfeti za alkoholi zenye minyororo hiyo hiyo ya propoksi na ethoksi, wakapata kama asilimia 60 ya mafuta yaliyokuwa yamebaki baada ya maji. Kwa hiyo maji magumu peke yake si kifo.

Lakini usikimbilie kuiga, nisikilize vizuri hapa. Loudon kisima ni cha kina kidogo na mwamba ni baridi. Wewe una nyuzi 68. Salfeti kichwa chake kimeshikana na mkia kupitia oksijeni, na kiungo kile joto likipita nyuzi 60 hivi kinaanza kukatika kwa maji, kinatoa asidi, na asidi inazidi kukikata. Leo chupa inang'aa, baada ya miezi mitatu mwambani huna safaktanti, una alkoholi. Safari ya kutoka kisima cha kuingizia hadi cha kutolea inaweza kuwa miezi mingi, hata mwaka. Kwa hiyo kwako tafuta kaboksileti, mkia wa matawi, mnyororo ule ule wa propoksi na ethoksi, mwisho kichwa cha kaboksi. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Texas kule Austin wamezifanyia kazi sana hizi kwa ajili ya joto na ugumu. Zinastahimili. Sharti lake pH isianguke kwenye asidi, kichwa kitapoteza chaji.

Kaboksileti peke yake mara nyingi inakuwa laini kupita kiasi, nikimaanisha inayeyuka vizuri lakini mafuta haiyajali. Hili vijana wengi hawalioni. Unatafuta myeyusho unaong'aa, sawa, lakini kazi yenyewe ni kushusha mvutano baina ya mafuta na maji kutoka kama milinyutoni 20 kwa mita hadi karibu 0.001, na hiyo hutokea pale safaktanti iko ukingoni, haijui iende kwa maji au kwa mafuta. Ile inayoyeyuka kwa raha mustarehe haikushushii mvutano. Basi changanya na salfoneti ya olefini ya ndani, ile ya mkia wa kaboni 15 hadi 18. Ile ndefu ya 20 hadi 24 inapenda mafuta zaidi lakini kwa kalsiamu yako itazama. Salfoneti inastahimili joto, kaboksileti inaishikilia isigande, wanabebana.

Umeuliza alkoholi. Ndiyo, isobutanoli asilimia 1 hivi, au etha ya glikoli yenye butili, inavunja jeli na kusaidia kuyeyuka. Ila ukizidisha mvutano unapanda na gharama inapanda. Itie kidogo, mwishoni, baada ya kupata mchanganyiko mzuri, usiitumie kuficha safaktanti mbaya.

Na namna ya kuchanganya! Usimimine safaktanti nzito ndani ya maji magumu. Ifungue kwanza kwenye maji matamu pamoja na alkoholi, ikae iwe nyepesi, ndipo uongeze chumvi kidogo kidogo ukikoroga, kalsiamu na magnesiamu mwisho. Nimeona mchanganyiko mzuri ukitupwa kwa sababu fundi aliugeuza tu mpangilio, ukafanya mabonge yasiyofunguka tena.

Mtoto_wa_Dodoma

Bi Mkubwa shikamoo, Mungu akuzidishie. Na mkuu wa Kenya asante sana kwa hesabu ya EDTA, nilikuwa nimeshajaza fomu ya kuagiza.

Nirudi na majibu maana nimekimbizana nayo siku tisa. Nilipata kaboksileti ya mkia wa matawi na salfoneti ya olefini ya ndani ya 15 hadi 18 kutoka kwa msambazaji mmoja kama sampuli, nikachanganya nusu kwa nusu, jumla asilimia 0.5, isobutanoli asilimia 1, nikafuata mpangilio ule wa maji matamu kwanza. Kwa nyuzi 68 imeng'aa! Nilikaa naiangalia ile chupa kama mtu aliyezaa. Siku ya saba bado inang'aa. Salfoneti peke yake bila mwenzake iliganda siku ile ile, na kaboksileti peke yake iling'aa lakini nilipoiweka na mafuta haikufanya chochote, kama ulivyosema.

Sasa kimenishangaza kitu kimoja. Nilichukua ule ule mchanganyiko unaong'aa nikaupunguza kwa maji yale yale hadi asilimia 0.02, nikitegemea utang'aa zaidi kwa sababu safaktanti ni kidogo. Ukachafuka! Ukungu mweupe, baada ya siku mbili kuna mashapo. Nimerudia mara tatu. Inakuwaje dozi kubwa inayeyuka na ndogo inaganda?

Bi_Mkubwa_wa_Ruwi

Marahaba mwanangu. Umefanya jaribio ambalo wengi hawalifanyi, na ndilo linalotofautisha karatasi na kisima.

Safaktanti ikiwa nyingi inajikusanya kuwa miseli, vile vijiduara ambavyo mikia imejificha ndani na vichwa viko nje. Miseli ina chaji nyingi juu yake, kwa hiyo inamvuta kalsiamu inamweka pembeni yake bila ya kuganda, na hata ile chumvi ya kalsiamu inayotaka kuzama miseli inaimeza. Ukipunguza ukafika karibu na kiwango cha kuanzia miseli, hakuna wa kummeza, kila molekuli iko peke yake na kalsiamu wako pale pale 2,400, basi anazikamata moja moja. Ndiyo maana inaganda katikati, chini kabisa inang'aa tena kwa kuwa safaktanti haitoshi kuganda, na juu inang'aa kwa ajili ya miseli.

Mwambani ndivyo itakavyokuwa. Unaingiza asilimia 0.5, jiwe linanyonya sehemu yake, pembeni inachanganyika na maji ya zamani, inapungua njia nzima. Kile ulichokiona kwenye 0.02 kitatokea mbele na nyuma ya ule myeyusho uliouingiza. Kwa hiyo pima kuanzia asilimia 1 mpaka 0.01, vioo vya majaribio visivyopungua kumi, kila kimoja nyuzi 68, vimefungwa vizuri visitoe mvuke. Wiki moja kwa uchache. Weka karatasi yenye maandishi nyuma ya kioo, ukisoma herufi bila taabu umepita, herufi zikififia umeanguka, na usitikise kabla ya kusoma. Halafu sogeza uwiano, kaboksileti 60 kwa 40, au 70 kwa 30, au pata kaboksileti yenye ethoksi mbili tatu zaidi. Lile bonde la katikati, yaani zile dozi zinazoganda, litapungua upana. Huenda usiliondoe lote. Ukilibakisha liwe jembamba na ukungu tu bila ya mashapo, hilo mwamba unaweza kulivumilia, mashapo mazito hauvumilii.

Halafu ndipo uende kwenye vioo vya mafuta na maji, ukipandisha chumvi hatua kwa hatua, uone ile tabaka ya tatu, baina ya mafuta na maji, ambapo mvutano hushuka kabisa, inatokea wapi. Ikitokea kwenye chumvi ambayo myeyusho wako bila mafuta tayari umechafuka, mchanganyiko huo utupe, hata mvutano ukiwa mzuri vipi.

Lokichar254

Kuna kitu kimoja nimekumbuka, umesema mwamba uko na udongo wa mfinyanzi. Huo udongo umebeba kalsiamu tangu zamani. Kama mtu huko kwenu ataamua bado mpitishe maji laini mbele, ajue sodiamu itaingia kwa udongo na kalsiamu itatoka, halafu maji laini yanafika kwa safaktanti yakiwa magumu tena. Miaka ya 1970 watu wengi Marekani walitanguliza maji laini na wakajuta, maji yale hata hayapiti mahali pale pale safaktanti itapita. Ukipima, pima na kipande cha jiwe ndani, na upime kalsiamu ya maji yanayotoka upande wa pili, usiamini ile uliyoingiza.

Kifaru_wa_Magadi

Nimejifunza sana leo. Swali dogo tu, ile salfoneti ya kwanza, kama kwenye sabuni zetu za unga ipo hiyo hiyo na watu wanafua kwa maji ya visima, inakuwaje haigandi?

Bi_Mkubwa_wa_Ruwi

Inaganda ndugu yangu, ila kwenye paketi mmetia wasaidizi, soda, zeolaiti, zamani fosfeti, wanamkamata kalsiamu kabla. Na maji ya Dodoma kwa ugumu wake wote hayafiki hata robo ya haya ya kijana. Beseni moja unaweza kulilipia msaidizi. Mita elfu kwa siku huwezi.

Mwanangu, vioo kumi vile anza leo jioni, na kimoja usikitie alkoholi, kiwe cha kulinganishia. Siku ya saba tuletee picha na maandishi yake nyuma.

Mtoto_wa_Dodoma

Nimeshaviweka kwenye oveni saa hizi, kumi na viwili, viwili nimeongeza na vipande vya jiwe ndani kama mkuu alivyosema. Jumatano nitaleta picha.